Re: Seva inakwama nikipiga fsfreeze kabla ya snapshoti
Mambo mkuu. Kwa hiyo ukipiga fsfreeze -f (amri ya Linux ya kugandisha uandishi kwenye mfumo wa faili) kabla ya snapshoti (nakala ya diski ilivyo wakati huo), seva yote inakwama mpaka uizime kwa nguvu. Kwanza cheki umegandisha wapi, maana kama ni / yenyewe (mzizi wa mfumo mzima) basi chochote kinachotaka kuandika kinasubiri, hata teminali yako, na ile -u ya kuachia huwezi kuipiga tena, mimi ilinikuta saa nane usiku nikabaki naangalia kishale kinapepesa tu. Data iweke kwenye diski yake, mfano /data, halafu skripti moja tu: fsfreeze -f /data, snapshoti, fsfreeze -u /data, na weka trap (amri ya shell inayofanya kazi skripti ikiisha au ikikatika) ili -u ipite hata snapshoti ikifeli. Log ya skripti (faili la kumbukumbu zake) isiwe ndani ya /data, nayo itasubiri kuandika! Kama ni LVM (mfumo wa Linux wa kugawa na kusimamia diski) usihangaike, amri yake ya snapshoti, lvcreate -s, inagandisha yenyewe. Kama mfumo wa faili ni XFS, ukiimaunti snapshoti kwenye seva ileile ongeza -o nouuid (isiangalie UUID, kitambulisho ambacho snapshoti inakuwa nacho sawa na cha asili), la sivyo itagoma.