Baba yao anawataka Desemba nzima, nimpe?

"Shangazi, nimetengana na mume wangu miaka miwili sasa. Naishi Tabata na watoto wetu, wa kiume miaka 10, wa kike 6. Baba yao yuko Dodoma. Juni aliwachukua wiki moja, wakarudi wamekonda na weusi, kumbe aliwapeleka Kongwa kwa mama yake wakachunga mbuzi. Tangu hapo mkubwa kila saa ni bibi, bibi. Sasa anawataka Desemba nzima. Nimekataa, maana tunakwenda kwetu Moshi, halafu kuna tuisheni. Ada analipa, lakini si sheria inasema mtoto ni wa mama? Mama Wawili."

Pole, mwanangu. Kulea peke yako hapo Dar si mchezo. Ila barua yako nimeirudia, na huruma yangu imehamia kwa baba watoto.

Juni alipewa wiki moja katika likizo ya mwezi mzima. Pasaka hukuitaja, bila shaka ilikuwa yako. Desemba nayo unaitaka. Kuhusu tuisheni, mbona haikuzuii kwenda Moshi? Na hilo la "ada analipa" umelipitisha mbiombio. Wanawake wangapi wananiandikia wakitafuta baba wa namna hiyo!

Eti wamekonda. Kwa wiki moja? Mtoto aliyeshinda juani na mbuzi lazima rangi imwive. Bibi kawapikia ugali wa uwele na mlenda, chakula kilichomkuza mwanaume uliyempenda mwenyewe. Ungekuwa na jambo zito, kipigo au ulevi, ungelianza nalo. Linalokuuma ni hilo "bibi, bibi". Wivu huo, mwanangu, nakuambia wazi.

Sheria nayo umeishika upande. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadhani tu kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama, na dhana hiyo mahakamani inapingika. Mkubwa wako ana 10. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 26, inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili kila anapotaka, ilimradi masomo yasivurugike. Haki hiyo ni ya mtoto. Wewe huwezi kumnyang'anya.

Ndoa za siku hizi zikivunjika, watu wanagawana kiwanja, masofa na friji, kisha watoto nao wanatiwa kwenye orodha hiyo hiyo. Zamani likizo ikifika mtoto alipelekwa kwa bibi, wa kuukeni au wa kuumeni, akajua shangazi zake na makaburi ya babu zake. Leo mtoto hamjui baba yake mdogo, tunashangaa akikua mpweke.

Desemba hii wapeleke kwa baba yao. Mwakani Desemba iwe yako na Juni yake, mpokezane hivyo. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mwandike, mtie saini. Kwenye begi weka kadi za bima, sweta na daftari za kazi za likizo. Simu waachie, wakupigie wanapotaka, na usiwahoji baba yao analala na nani.

Mama mkwe mpigie leo, umshukuru kwa Juni. Halafu kateni tiketi za treni ya SGR mapema, Desemba hujaa.