Jibu: mashua inashinda upepo mbio aje?
Buda umeuliza mashua ya tanga inawezaje kushinda upepo wenyewe mbio, siri iko chini. Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa so haidrofoili, yaani bawa dogo tu lililo chini ya maji, linainua mashua nzima, tumbo la mashua linatoka majini, msuguano unapungua vibaya sana na tanga linaanza kula upepo wa mbio zake yenyewe, kama vile ukiwa kwa boda Thika Road unapigwa na upepo hata siku imetulia.

Shida inaanza ukikaribia kilomita 95 kwa saa, presha juu ya bawa inashuka hadi maji yanachemka bila moto na mapovu yanaua ile nguvu ya kuinua. Mashua ya tanga inaitwa Sailrocket 2 ilivuka hicho kikomo huko Namibia 2012 na bawa la umbo tofauti, kilomita 121 kwa saa kwenye umbali wa mita 500! Hiyo dizaini naiheshimu sana.