Ukienda milima ya Tramuntana, panga safari kwa mawe na maji

Wengi hupanga safari ya Serra de Tramuntana, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Mallorca, Hispania, kwa kuangalia kimo. Wakiona kilele kirefu kuliko vyote, Puig Major, hakifiki meta 1,500, wanahesabu ni matembezi mepesi. Kimo kisikudanganye. Siku yako itaamuliwa na mawe ya chokaa na maji.

Maji ya mvua huyala mawe ya chokaa polepole, yakayaachia mifereji na kingo kali. Aliyetembea juu ya matumbawe ya pwani maji yakiwa yamekupwa anajua nyayo zinavyopata taabu. Vaa viatu vya soli ngumu, na nje ya njia zilizotengenezwa usitegemee kwenda zaidi ya kilomita mbili kwa saa.

Maji nayo yanashangaza. Eneo la Lluc, penye monasteri ndani ya milima hii, hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, lakini kiangazi ni nadra kukuta kijito kinachotiririka, kwa sababu maji huzama kwenye nyufa na kupita chini kwa chini. Mistari ya buluu kwenye ramani mingi ni makorongo makavu. Kuanzia Juni hadi Agosti beba angalau lita tatu kwa kila mtu, na usiitegemee chemchemi ambayo hujaithibitisha.

Korongo la Torrent de Pareis linahitaji tahadhari ya pekee. Teremka kutoka Escorca, juu milimani, kuelekea Sa Calobra, ufukweni mwa bahari, tofauti ya kimo ya zaidi ya meta 600, na utenge saa tano au sita. Ndani kuna majabali ya kushuka kwa mikono, yaliyong'arishwa na mafuriko pamoja na viatu vya wapitaji. Yakilowa kidogo tu, yanateleza vibaya. Kwa hiyo usiingie kama mvua imenyesha siku chache zilizopita, hata jua likiwaka. Na mvua ikinyesha juu milimani wakati uko chini, maji ya pande zote yanakusanyika humo humo, na kuta ni wima, huna pa kupandia. Hatari huzidi Septemba hadi Novemba, bahari ikiwa bado na joto na hewa baridi ikishuka kutoka kaskazini. Simu haishiki sehemu kubwa ya njia, basi mwachie mtu saa yako ya kurudi. Ukitaka kurudi kwa boti hadi Port de Sóller, uliza asubuhi hiyo hiyo: bahari ikichafuka, boti haziendi.

Kilele cha Puig Major kimefungwa, ni eneo la jeshi. Badala yake panda kilele cha Massanella, meta 1,364.

Kwa safari ya siku kadhaa, fuata GR 221, njia ndefu ya miguu iitwayo njia ya kuta za mawe, na uweke nafasi mapema kwenye nyumba za wasafiri. Kuta hizo zinashikilia matuta ya mizeituni na zimepangwa bila saruji makusudi, ili maji yapenye katikati ya mawe badala ya kujaa nyuma na kuzisukuma. Mandhari haya ndiyo yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Usiparamie ukuta kutafuta njia ya mkato: jiwe la juu likichomoka, mvua inayofuata huanza kuchimba udongo papo hapo.