Ukikabidhiwa rosta, umekabidhiwa idara

Nimepokea ujumbe wa daktari kijana aliyepo Pemba. Amepewa kazi ya kuwapangia zamu wenzake, watarajali (waliohitimu na wako katika mazoezi ya kazi) na wanaosomea ubingwa, na mkuu wa idara akamwongezea jukumu la "kuangalia ustawi wao". Anauliza aanze na nini: semina, mazoezi ya pwani Jumapili, au fulana za idara?

Dada yangu, anza na hiyo rosta. Fulana zitasubiri. Anayetaka kujua idara inamthamini nani hana haja ya kusoma maneno mazuri yaliyobandikwa mlangoni. Atazame nani anakesha sikukuu ya Idi, nani anakesha Krismasi, na nani hakeshi kabisa.

Chukua kalamu tuhesabu. Tuseme mko 6, kila usiku wanakaa wawili, mwezi una siku 30. Hizo ni zamu 60 za usiku, kila mtu 10, yaani usiku mmoja katika kila mitatu. Usiku mmoja ni saa 16, kuanzia saa 9:30 alasiri hadi saa 1:30 asubuhi, kwa hiyo kila mtu ana saa 160 za kukesha. Ongeza siku 22 za kazi kwa saa 8, ni 176. Ongeza na mchana wa Jumamosi na Jumapili, siku 8 za wawili wawili, unamwangukia kila mmoja kama saa 21. Jumla saa 357, karibu 83 kwa wiki. Marekani, chombo kinachosimamia mafunzo ya ubingwa, ACGME, kimeweka kikomo cha saa 80 tangu 2003, kwa wastani wa wiki 4, na zamu ya kulala hospitalini isizidi usiku mmoja katika mitatu. Hawakufika hapo kwa huruma. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali ya New York akiwa chini ya uangalizi wa madaktari wanafunzi, na miaka 5 baadaye jimbo hilo likabana saa za kazi. Kwa hiyo 80 ni dari, tena dari ya juu, na nyinyi mmeshaitoboa kabla hajaumwa mtu wala kwenda likizo. Mkibaki 5, kila mtu anakesha mara 12.

Dawa ya kwanza haina gharama: aliyekesha aondoke saa 5:30 asubuhi badala ya kubaki hadi 9:30 alasiri. Kwa mwezi ni asubuhi kama 7 zinazoangukia siku za kazi, kila moja inamrudishia saa 4. Jumla 28, na wastani unashuka chini ya saa 77 kwa wiki bila ya kuajiri mtu. Pia hapo anakuwa ametimiza saa 28 mfululizo, ndicho kikomo cha hao hao ACGME: 24 za kazi na 4 za kukabidhi na kujifunza. Anayebaki hadi alasiri ni mtu wa saa 32, naye ndiye mnayemtaka akokotoe dozi ya mtoto kwa kilo. Nukta ikihama, dozi imekuwa mara kumi.

Kwenye karatasi karibu kila idara inamruhusu aliyekesha. Kinachomkwamisha ni raundi. Bingwa anafika saa 4, anaanzia kitanda cha kwanza, na wagonjwa waliolazwa usiku wako mwisho wa wodi. Panga raundi ianze na waliolazwa usiku, kisha mwache mtu aende. Na asiende kwa vespa wala pikipiki yake. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionesha kuwa aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na huyu wako amezipita. Apande daladala, au alale kwanza.

Kwenye rosta weka safu za ziada pembeni ya kila jina: jumla ya usiku, jumla ya wikiendi, jumla ya sikukuu tangu mafunzo yaanze. Visiwa hivi ni vidogo. Anayepanga ana mtoto wa shangazi ndani ya orodha, au jirani, au waliyesoma naye skuli moja, na hata akiwa mwadilifu namna gani watu watanong'ona. Safu zikiwa wazi ukutani, minong'ono inakosa chakula. Itoe rosta wiki 4 kabla. Kubadilishana zamu kuandikwe, wasaini wote wawili, wala kusimfanye mtu akeshe siku mbili mfululizo. Likizo za siku ziunganishe mbili mbili: mwenyeji wa Unguja aliyeko Pemba, au mtu wa Bara, siku moja inaishia kwenye boti.

Msimu wa karafuu uuhesabu mapema. Wanaoanguka mikarafuuni wanaijaza wodi ya upasuaji, na zamu ya wawili iliyotosha mwezi wa nyuma haitoshi tena. Azima mtu idara nyingine, na iandikwe atarudishwa lini.

Mwezi wa Ramadhani ndipo wengi wanapoharibu. Kosa la kwanza ni kukabidhiana zamu karibu na Magharibi: anayetoka anatazama saa, anayeingia ana tende mkononi, na mgonjwa mahututi anakabidhiwa kwa nusu sentensi. Hamishieni saa 11 jioni, au saa 2 usiku kama mna watu wa kuziba pengo. Kosa la pili ni kuwatwika Wakristo mwezi mzima wa jioni pamoja na Idi, halafu ikifika Krismasi na Pasaka kila mtu anasahau. Andikeni makubaliano mwanzo wa mwaka. Kosa la tatu halisemwi: asiyefunga anahitaji pahala pa kula. Mchana migahawa mingi imefungwa. Tafuta chumba chenye mlango na birika, na asiulizwe mtu kwa nini anaingia. Mwanamke aliye katika siku zake hana deni la maelezo kwa daktari bingwa.

Vyumba vya kulalia zamu viwe viwili, cha wanawake na cha wanaume, chenye kitasa kinachofunga kwa ndani, chandarua na maji. Penye chumba kimoja, mwanamke ndiye anayeishia kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa. Mjamzito wa miezi ya mwisho atolewe usiku kwa utaratibu, si mpaka aje kuomba kama anaomba sadaka.

Kukabidhiana wagonjwa kuna mpangilio uliojaribiwa, unaitwa I-PASS: taja ukali wa ugonjwa, muhtasari, kazi zilizobaki, linaloweza kutokea usiku na la kufanya likitokea, kisha mpokeaji arudie alichosikia. Hospitali 9 za mafunzo ya watoto za Marekani na Kanada zilipoutumia, makosa yalipungua kwa asilimia 23, kwa matokeo yaliyochapishwa 2014. Kipengele kinachorukwa daima ni hicho cha kurudia, na ndicho kinachofichua kuwa mwenzako alisikia "kitanda 6" ulipotamka 7. Kukiwa na bingwa wa Kichina au wa Kikuba na mkalimani katikati, msikiruke hata siku moja.

Raundini, aulizwe kwanza mdogo kabisa, kabla wakubwa hawajasema. Makosa ya mtu yasahihishwe pembeni. La kumdhuru mgonjwa tu ndilo lizuiwe pale pale. Utani wa Mpemba na Muunguja na mtu wa Bara ni mtamu barazani. Ukitoka kwa anayekusainia kitabu cha mafunzo, unakuwa kitu kingine, kwa sababu huwezi kumjibu. Nasema hili kwa uchungu, na sitaomba radhi.

Karibu na rosta bandika karatasi ya ajali za sindano: osha kwa sabuni na maji, usikamue, dawa za kinga ya VVU zianze mara moja wala zisivuke saa 72, zinywewe siku 28. Muhimu kuliko yote, jina la mwenye ufunguo wa dawa hizo saa 8 za usiku.

Ushauri nasaha wa mtarajali usitolewe na anayempa alama, wala usimwelekeze Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja, kwa kuwa ndiko wanakojua. Tiba ya kule haina kasoro. Ila ataonwa akiingia, na kabla ya Alasiri mama yake ameshaulizwa kama kweli. Mpate mtu wa kisiwa cha pili, kwa simu, na saa hiyo ihesabiwe ya kazi.

Mkuu wa idara akikataa, usibishane naye habari za ustawi. Mpelekee ile hesabu ya 83 na 77, omba mwezi mmoja wa majaribio katika wodi moja, na kubalianeni kabla mtahesabu nini: dozi zilizosahihishwa na famasi, vipimo vilivyosahaulika, siku za ugonjwa za madaktari. Hesabu hiyo ifanyike pia mwezi mmoja kabla ya jaribio, vinginevyo hamtakuwa na cha kulinganisha.