Kumfunga mgonjwa wa kiharusi mkono usiopooza: glavu, vifuniko vya soda na karata

Mkuu, umeuliza kama ni sawa kumfunga bi mkubwa mkono wa kushoto ili wa kulia, uliopooza miezi 4 iliyopita, ulazimike kufanya kazi. Njia hiyo ipo na imefanyiwa utafiti, ila kuubana mkono kifuani kwa kanga ni hatari: akiyumba hana cha kujizuilia. Mvalishe glavu nene ya kushikia sufuria ya moto. Vidole havitashika kitu, lakini mkono unabaki huru kumkinga. Avuliwe akioga, akishika fimbo, au akiwa karibu na jiko.

Kwanza mpime. Kiganja kining'inie ukingoni mwa meza: anakiinua nyuzi 20 na kunyoosha vidole nyuzi 10? Utafiti wa EXCITE (Marekani, 2006), wenye wagonjwa 222 wa kati ya miezi 3 na 9 tangu kiharusi, ulitumia vipimo vya aina hiyo, na wadhaifu zaidi walipokewa hata kifundo cha mkono kikiinuka nyuzi 10. Mkono usioinuka kabisa, glavu ni kumtesa bure.

Halafu glavu si dawa. Kule ilivaliwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho kwa wiki 2, na mazoezi hadi saa 6 kwa siku. Nani ana nafasi hiyo nyumbani? Lipo toleo jepesi: glavu saa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 10, pamoja na nusu saa ya fiziotherapia mara 3 kwa wiki.

Mazoezi yenyewe: ahamishe vifuniko vya soda bakuli hadi bakuli kwa sekunde 30, apumzike, arudie mara 10. Andika idadi daftarini. Akizoea, badili kitu kimoja tu: sogeza bakuli mbali, au weka maharage. Ukibadili viwili hutajua kipi kimemshinda. Akianza kupandisha bega ili afikie, umemrusha hatua. Bega likiuma au kiganja kikivimba, simama, aonwe na mtaalamu.

Wenye mgonjwa bado wodini msiige haya. Katika utafiti wa VECTORS (2009) waliobanwa zaidi mapema walikuwa nyuma ya wenzao siku ya 90 tangu kiharusi.

Kuhusu maneno kutotoka baada ya kiharusi, kanuni ni ileile: kilichodhoofika kilazimike kufanya kazi. Tengeneza karata za picha mbilimbili (ndoo, kikombe, kuku), weka boksi katikati ya meza msionane mikono, kila mtu aombe jozi yake kwa mdomo, bila kuashiria. Mwanzo "ndoo" inatosha. Baadaye "naomba ndoo", kisha "naomba ndoo nyekundu". Mtafiti Pulvermüller na wenzake (2001) walifanya hivyo saa 3 hivi kwa siku, siku 10. Wanaoharibu ni wajukuu: bibi akikwama sekunde mbili wanammalizia neno. Wahesabu kimyakimya hadi 10 kwanza.