Mzee ataipenda Interstellar?

Dada wa Moshi, unahofia baba yako, mwalimu mstaafu wa fizikia, atasinzia kwenye filamu ya anga za juu, Interstellar. Hasinzii huyo! Dola milioni 165 za kuitengeneza zinaonekana: shimo jeusi (kitu cha angani chenye mvutano unaonasa hata mwanga) lilichorwa kwa milinganyo ya Kip Thorne, mwanafizikia wa kweli, na ile sayari ambayo saa moja ni miaka 7 ya duniani itamfanya abishane hadi kahawa ipoe. Ila ni dakika 169, muziki unameza maneno, na mwisho wake (mimi ulinikera) unageuka mahubiri ya mapenzi. Washa maandishi ya chini. Igaweni siku mbili, mkiikatisha wanaanga wakishatoka kwenye hiyo sayari, ile ya maji. Sauti usiipandishe sana. Kama bado hasikii mazungumzo, mpeleke kwa daktari wa masikio.