Usiitafutie kazi yako jina lingine

Mwanangu,

Unatuandikia kutoka Busia kwamba una miaka 29, diploma ya uhasibu iko sandukuni, na huu ni mwaka wa nne unatengeneza baiskeli karibu na mpaka wa Uganda na Kenya. Kazi unaipenda. Kinachokuumiza ni harusini: wenzako wakiulizana wanafanya wapi, wewe unajibu "nina biashara ndogo", halafu usiku hulali. Unauliza kama maisha yamekushinda.

Hayajakushinda. Unajipima kwa cheo na ofisi, na fundi hapimwi hivyo. Umesema wateja wako wengi ni walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za miguu mitatu. Spoki zikimkatikia kijana mzima, atashuka asukume. Wateja wako wengi hawawezi kushuka. Gurudumu likilegea, siku yao ya kazi imeishia hapo.

Basi kipimo chako kiwe hiki: ni baiskeli ngapi zimerudi kwa ubovu uleule? Chukua daftari, uandike tarehe, ubovu, ulichofanya, malipo, na kama imerudi. Fanya hivyo miezi mitatu bila kuruka siku.

Utaona makosa yanayojirudia. Kiraka kikibanduka, mara nyingi solusheni ilikuwa bado mbichi: piga msasa, paka nyembamba, ngoja mpaka kidole kisinate, ndipo ubandike. Kabla ya kurudisha tyubu, papasa tairi kwa ndani, maana mwiba uleule hutoboa tena. Spoki zikikatika moja baada ya nyingine, tatizo si ile iliyokatika. Jirani zake zimelegea, kila mzunguko zinajikunja shingoni mpaka zinachoka. Zungusha gurudumu, kaza robo mzunguko kwa zamu, kushoto na kulia. Ukikaza moja tu kwa nguvu, rimu inapinda. Na mnyororo, upime: viungo 24 vipya ni inchi 12 kamili. Vikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ubadilishe mapema, kwa sababu uliochakaa hula meno, na mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika utaruka tu. Mteja atakulaumu wewe.

Uhasibu wako pia haukupotea. Jioni ukiwa na shilingi 20,000, na vipuri vimekula 11,000, zako ni 9,000. Tenga za vipuri, kisha jilipe mshahara kila wiki. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, irekebishwe mwaka 2022, hata aliyejiajiri anaruhusiwa kuweka akiba huko kwa hiari yake.

Baada ya miezi mitatu, daftari likionyesha kwamba kilichobaki hakitoshi chakula na kodi ya nyumba, pandisha bei ya ufundi au ongeza kuuza vipuri. Hiyo ni hesabu, irekebishe kama hesabu. Usiichanganye na aibu.

Na harusi ijayo, mtu akikuuliza, taja kazi kwa jina lake: "Natengeneza baiskeli Busia, hasa zile za miguu mitatu." Usiongeze "kwa sasa". Usianze kueleza diploma. Mara ya kwanza sauti itatetemeka, kwa hiyo anzia nyumbani, kwa yule ndugu unayemwogopa zaidi.